Wikiendi ya Hema na Muziki Ufukweni Dar: Panga Safari Yako Ukianzia Jumapili

Watu wengi wakisikia kuna tamasha la muziki wa kielektroniki ufukweni, la kulala hemani siku mbili, wanaanza na maswali ya Ijumaa: nani anapiga, tuvae nini, tunatoka saa ngapi. Mimi nakuomba uanze na Jumapili saa nane mchana. Jione umesimama kando ya barabara ya vumbi Kigamboni, jua la utosi, hujalala vizuri, simu ina chaji ya kuhesabu, begi limejaa mchanga, na wenzako watano wanakutazama wewe. Mnarudije? Nauli anayo nani? Maji ya kunywa yamebaki? Mwenye majibu ya maswali hayo kabla hajanunua tiketi atacheza usiku mbili moyo ukiwa mweupe.

Nimelala hemani Kigamboni, nimelala Bagamoyo, na kila safari iliyoniharibikia niliipanga kuanzia Ijumaa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mwisho.

Kwanza, njia ya kurudi

Fukwe nyingi zinazofaa kwa tamasha la kulala ziko Kigamboni, na Kigamboni ina milango miwili. Mmoja ni pantoni ya Magogoni, mwingine ni Daraja la Nyerere, lile la mita 680 lililofunguliwa 2016, ambalo linakutoa upande wa Kurasini kwa tozo. Jumapili jioni kila aliyekwenda kuogelea anarudi mjini kwa wakati mmoja, na foleni ya pantoni inakuwa ndefu mno. Ukiwa na mahema, deli na majiko, kusimama kwenye foleni ile ni adhabu. Ama muondoke mchana kabla watu wa ufukweni hawajakunja mikeka, ama mpite darajani.

Mkiwa watano au sita, kodisheni Noah ya mtu mnayemfahamu. Malipo yawe nusu mkipanda, nusu mkishushwa nyumbani. Dereva asiyekuwa na deni lenu Jumapili huwa hapatikani kwenye simu. Kutegemea bajaji na bodaboda za pale pale kunawezekana, ila siku ya tamasha watu mia tatu wanawaza hivyo hivyo, na bei inajua.

Kama mmoja wenu ndiye anayeendesha, huyo ana sheria zake. Hanywi usiku wa Jumamosi, na anapata usingizi wa saa sita kamili, hata kama msanii anayempenda kuliko wote anapanda jukwaani saa kumi usiku. Wenzake wamchangie mafuta na wamwachie hema tulivu kuliko yote. Usingizi kwenye usukani unaua sawa na pombe, na mtu aliyekesha usiku mbili anaweza kusinzia macho yakiwa wazi.

Halafu weka fungu la kurudi mahali ambapo mkono wako wa Jumamosi usiku haufiki. Mimi namkabidhi rafiki asiyekunywa, noti taslimu, ndani ya bahasha.

Tarehe: mvua, upepo, mwezi

Mara nyingi tarehe anakuchagulia mwandaaji, lakini wewe ndiye unayeamua kwenda au kutokwenda. Machi hadi Mei ni masika, na hema la bei nafuu halihimili masika. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ni ya kubahatisha, siku mbili za jua na usiku mmoja wa mafuriko. Januari na Februari hazina mvua sana, ila joto lake ukiwa ndani ya hema utalikumbuka. Wakati wangu ni Juni hadi Septemba, kipupwe, upepo wa kusi unapovuma, mchana una nafuu na usiku unaweza kushuka mpaka karibu nyuzi 19 au 20. Wageni wa jambo hili wanacheka ukiwaambia wabebe shuka zito Dar es Salaam. Saa kumi na moja alfajiri, jasho limekauka na umande unaanguka, hawacheki tena.

Ukishajua tarehe, tazama mwezi. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza tulipiga hema kwenye mchanga mzuri, mweupe, uliosawazika kama meza. Saa kumi usiku maji yalikuja kutuamsha. Mchanga ulikuwa umesawazika kwa sababu bahari ndiyo iliyokuwa ikiusawazisha. Tuliokoa watu na mahema. Viatu, unga na simu moja vilikwenda.

Pwani yetu maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu kunakuwa na bamvua, na tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku hizo hapa Dar maji hujaa karibu na saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na hupwa kabisa mnamo saa nne. Kila siku inayofuata nyakati zinasogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Kwa hiyo mtu aliyefika saa nne usiku siku ya bamvua anaiona bahari iko mbali kabisa, anapiga hema palipo pazuri, na saa sita baadaye anaogelea na godoro lake.

Dawa yake ni ndogo. Fika mchana. Tafuta mstari wa mwani mkavu na vijiti ufukweni. Mara nyingi iko miwili au mitatu. Ule wa juu kabisa ndio mpaka wa bahari. Panda kutoka hapo hatua kumi na tano au zaidi. Na kama kuna mvuvi karibu, msalimie vizuri, muulize maji yanafika wapi. Hajawahi kunidanganya hata mmoja.

Kamati ndogo

Sisi tunajua kuendesha harusi kwa kamati, na safari hii inataka kamati hiyo hiyo kwa udogo wake. Watu sita wanatosha. Mmoja mweka hazina, mmoja wa maji na chakula, mmoja wa mahema na taa, mmoja wa dawa. Wawili waliobaki wawe wasaidizi wa kubeba, na wasijione hawana kazi. Michango ifungwe siku kumi kabla; ambaye hajatoa mpaka hapo hayumo, na aambiwe kwa upole. Nimeona urafiki wa miaka ukiingia doa kwa ajili ya mtu mmoja aliyeahidi kutuma "kesho".

Bebeni fedha taslimu za noti ndogo ndogo hata kama kila kitu siku hizi ni simu. Mtandao ukizidiwa na umati, muamala unaning'inia, na mama wa mihogo hawezi kukupa mihogo kwa ujumbe ambao haujafika.

Hema

Hema lililoandikwa la watu wanne linalaza watu wawili na mizigo yao, au watatu wanaopendana. Kama unaazima au unakodi, lisimamishe nyumbani wiki moja kabla, uwanjani au juu ya paa. Utagundua zipu iliyokufa, nguzo iliyopungua, tundu la sigara. Kugundua hayo ufukweni, kwa mwanga wa simu, ni jambo jingine kabisa.

Vigingi vinavyokuja na hema havishiki mchangani. Chukua mifuko ya salfeti, ile midogo, ijaze mchanga nusu, funga mdomo kwa kamba ya hema, ifukie kina cha mkono mpaka kiwiko, kisha ukanyage juu. Minne inatosha kwa hema dogo, na kusi ivume itakavyo. Mlango uuelekeze kule upepo unakokwenda, si unakotoka. Turubai la chini lisitokeze nje ya hema, maana likitokeza linakusanya umande na mvua na kuvipeleka mgongoni kwako. Usilale chini ya mnazi. Sihitaji kueleza.

Sehemu ya kupiga hema ichague kwa kusikiliza upepo. Sauti inasafiri na upepo, na moshi wa jenereta na harufu ya vyoo pia. Kipindi cha kusi, kaa upande wa kusini wa jukwaa, yaani joshini, kule upepo unakotoka. Muziki utapeperushwa kwenda kwa wengine. Besi haizuiliki sana, hiyo utaisikia kifuani popote ulipo, lakini sauti kali za juu zitapungua kiasi cha kukupa usingizi. Na spika zikuonyeshe mgongo.

Chandarua kilichotiwa dawa kifungwe ndani ya hema hata kama hema lina wavu wake, kwa sababu zipu itafunguliwa mara mia. Kumbuka pia kwamba mbu wa malaria anauma usiku, lakini yule wa homa ya dengi, iliyowahi kulipuka Dar 2014 na 2019, anauma mchana. Dawa ya kupaka isiwe ya usiku tu. Ukipata homa kali baada ya safari, nenda ukapime, na mpaka upate majibu tumia parasetamoli, si aspirini wala ibuprofeni.

Kuhusu mavazi na mengineyo sitakuchosha: tochi ya kichwani, viatu vya kufunika vidole, pawabanki iliyojaa, sabuni, karatasi za chooni, pedi, shuka, kofia. Ila doti moja ya kanga naomba uipe heshima yake, uwe mwanamke au mwanamume. Ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo, ni shuka la mchana, ni kivuli, ni kitambaa cha kichwa vumbi likiruka, na ni sitara ukitoka kwenye eneo la tamasha kwenda dukani kijijini. Wenyeji wa huko wanaishi huko. Wana wazee, wana madrasa. Mtu anayepita mbele ya msikiti na nguo ya kuogelea ameharibu kazi ya mwandaaji aliyeomba kibali kwa miezi.

Na kwa wanaoswali: kutoka Dar, kibla ni karibu kaskazini kabisa. Weka hema lako ukilijua hilo mapema, usije ukaanza kukisia alfajiri.

Maji, halafu chakula

Hesabu lita 4 za maji ya kunywa kwa mtu kwa siku. Watu sita kwa siku mbili ni lita 48, yaani madumu matatu ya lita 20 ukiweka akiba kidogo. Inaonekana nyingi mpaka Jumamosi jioni. Maji ya kuoga na kunawia yawe mbali na hayo, kwenye dumu la rangi nyingine, ili mtu mwenye usingizi asikosee.

Anayecheza anapoteza chumvi pamoja na maji. Kunywa maji matupu lita baada ya lita bila kula chochote kunaweza kumwangusha mtu sawa na kiu. Beba pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, moja kwa lita moja ya maji safi, na kila mmoja anywe lita hiyo taratibu baada ya kucheza usiku. Korosho zenye chumvi nazo zinasaidia, na supu ya asubuhi ni baraka.

Chakula kosa kubwa ni nazi. Wali wa nazi na maharage ya nazi ndivyo vinavyotujia kichwani, lakini kwenye joto letu vinachacha kabla hujamaliza siku. Ijumaa kuleni vilivyopikwa nyumbani na vimalizeni Ijumaa hiyo hiyo. Kwa Jumamosi bebeni vinavyovumilia: chapati kavu, mayai ya kuchemsha yenye maganda, viazi vitamu, dagaa wa kukaanga waliokauka sawasawa, ndizi mbivu, unga wa uji. Jiko la gesi la mtungi mdogo wa kilo 6 linatosha kwa chai ya tangawizi na uji, kama mwandaaji anaruhusu moto, uliza kabla. Lisiwashwe ndani ya hema kamwe, hata kwa mvua, kwa sababu ya moto na kwa sababu ya hewa.

Barafu ya mapande makubwa inadumu kuliko ya vipande. Gandisha chupa za maji nyumbani siku mbili kabla, zipange kwenye deli, na zikiyeyuka utazinywa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo fungasheni kwa vikapu na mifuko ya salfeti.

Usiku wenyewe

Kuna watu bado wanaamini muziki wa kielektroniki ni wa wageni. Hapana. Singeli imezaliwa hapa, Manzese, Tandale, Mburahati, kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha, na studio ndogo kama Sisso ya Mburahati zimeitengeneza kwa kompyuta za kawaida mpaka ikafika majukwaa ya Ulaya. Nyege Nyege, tamasha lililoanzia Jinja, Uganda, 2015, na lebo yake vilifungua sehemu kubwa ya mlango huo. Ukienda tamasha la Dar, utaikuta, na unapaswa kuupangia mwili wako kwa ajili yake.

Sababu ni mapigo. Amapiano inatembea kwenye mapigo yasiyofika 120 kwa dakika, hausi 120 hadi 130. Singeli inaanzia karibu 200 na inakwenda hadi 300. Saa moja ya singeli inakumaliza kuliko saa tatu za hausi. Ukipata ratiba, zungushia zile saa za mbio mbili au tatu unazozitaka kweli, na kabla ya kila moja pumzika nusu saa, keti, kunywa. Anayecheza kila kitu tangu saa moja jioni, wakati mambo yanakolea saa saba usiku, yeye yuko hemani na buti zake.

Usiku wa Ijumaa lala saa nane usiku. Najua ni vigumu. Usiku wa Jumamosi ndio wa kukesha, na usiku huo unalipwa na usingizi wa Ijumaa. Halafu ujue kwamba hema haliwezi kulaliwa baada ya saa tatu asubuhi, linakuwa tanuri. Funga turubai kati ya miti miwili, tandika mkeka chini yake, na Jumamosi lala hapo saa tatu mpaka saa sita mchana. Kivuli hicho ni mali kuliko hema lenyewe.

Masikio naomba uyahurumie, kwa sababu hayarudi. Ukali wa sauti hupimwa kwa desibeli: 85 sikio linavumilia saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unakatika nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, na kwenye 100, ambazo mbele ya jukwaa ni jambo la kawaida, unabaki na dakika 15. Vizibo vya sponji vinauzwa maduka ya dawa na ya vifaa vya ujenzi. Viviringe viwe vyembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, sukuma ndani, shikilia mpaka vivimbe. Na sogea nyuma. Mahali pa wazi, kila unapozidisha umbali wako na spika mara mbili, unapunguza takriban desibeli 6. Kutoka mita 5 hadi mita 10 tu umeshajipa muda mara nne. Kelele za "ngiii" ukiamka asubuhi ni sikio linalokuambia limeumia.

Kubalianeni alama moja isiyohama, mti au mnara wa taa, na saa mbili za kukutana, tuseme saa sita na saa tisa usiku. Simu zitakufa, alama haifi. Mkiwa na dada zenu, mtu asiende chooni au hemani peke yake usiku, na jambo hilo lisigeuzwe mzaha. Kinywaji kilichoachwa mezani kimwagwe. Pombe isiyo na lebo isiguswe. Dawa za kulevya ni jinai, na zaidi ya hapo, kidonge usichokijua juu ya mwili uliokauka kwa joto kinaua haraka. Mwenzenu akiacha kutoka jasho huku ngozi inawaka, akiongea ovyo au kuyumba, mpelekeni kivulini, mlowanisheni kwa maji, mpepeeni, na wakati huo huo mmoja akimbilie watu wa huduma ya kwanza. Namba ya dharura ni 112. Fahamuni hema la huduma ya kwanza liko wapi siku ya Ijumaa, kabla ya giza.

Kuogelea usiku, hapana. Hasa baada ya pombe.

Jumapili

Kunja mapema, kabla ya jua kupanda. Anza na mahema, malizia na turubai la kivuli, ili kila aliyemaliza kazi yake apate pa kukaa. Fukua ile mifuko ya salfeti, mwaga mchanga, na uijaze takataka zenu. Imeshapata kazi ya pili. Piteni wote sita kwa mstari mmoja mkikagua chini: vifuniko vya chupa, vichungi vya sigara, vizibo vya masikio. Bahari itapanda saa chache baadaye na kuchukua chochote mlichoacha.

Aliyetunza bahasha ya nauli aitoe. Dereva apigiwe saa mbili kabla, si dakika kumi. Dumu moja la maji libaki na lipande gari pamoja nanyi, kwa sababu foleni ya Jumapili ina kiu yake.

Ukifika nyumbani utataka kulitupa hema uvunguni. Lianike Jumatatu, kamba ya nguo inatosha, mpaka likauke kabisa kila mkunjo, kisha ulikung'ute mchanga kwenye zipu kwa mswaki wa zamani. Chumvi ikikaa humo wiki mbili, zipu haitafunguka tena.